Kama Kompyuta ya Stoo Itaweza

Swali lilikuwa moja, na meneja aliniuliza akiwa amesimama mlangoni, bila hata kuketi: ile kompyuta ya zamani iliyotupwa stoo inaweza kufungua gemu la chumba cha mapumziko, au haiwezi?

"Nipe mpaka saa nane," nikamwambia.

"Kikao ni saa kumi."

"Najua. Hizo saa mbili za katikati ni za kuitukana."

Hakucheka. Ilikuwa Alhamisi, siku ya tisa tangu ajali, na kiwandani hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Mama yule alinitazama juu ya miwani yake, akaniwekea bahasha mezani, akaondoka. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi na kupigwa mhuri kila upande, na ndani yake mlikuwa na kikadi cha kumbukumbu kisichozidi kisanduku cha kiberiti.

Nieleze, maana mambo haya yanahitaji mtu ayapange. Sisi tunatengeneza maboksi. Mimi ni fundi wa kompyuta, peke yangu, ofisi yangu ni kijichumba kilicho kati ya choo na ngazi. Kaka yangu alikuwa kwenye mashine ya kukata. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, makaratasi yalikwama, akaingiza mkono kuyatoa, na mashine ikawashwa mkono ukiwa bado ndani. Vidole vitatu vya kulia vikaenda.

Huyo ndiye kaka aliyenilea. Wazazi walipofariki, mimi nilikuwa na miaka sita na yeye kumi na saba. Alinisuka nywele vibaya, akanipikia uji wenye madonge, akanipeleka shule akiwa amenibeba begani nisichafue viatu. Kwa hiyo habari iliponifikia sikuuliza maswali mawili. Niliuliza moja: nani?

Aliyebonyeza kitufe ni mwenzake wa zamu, ambaye wote tunamwita Kimya kwa sababu siku nzima anaweza kusema maneno kumi, na manne kati ya hayo ni salamu. Kwamba alibonyeza, halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya kwa nini.

Pale kwetu kuna sheria moja ambayo hata mgeni hufundishwa kabla ya kuonyeshwa choo. Kila mtu wa mashine ana kadi yenye picha yake. Ukitaka kuingiza mkono ndani, unazima, unatundika kadi yako kwenye ndoano iliyo juu ya swichi, na mwenzako anasimama hapo hapo mpaka utoke. Ukikuta sura ya mtu pale, huwashi, hata meneja mwenyewe akikuamuru. Ukikuta ndoano tupu, ndani hakuna mtu.

Kimya alisema alitoka kuchukua ndoo ya gundi stoo, akarudi, akakuta mashine imesimama na ndoano ni tupu, akawasha. Kaka alisema Kimya hakwenda stoo. Alikwenda chumba cha mapumziko kucheza gemu, akamwacha peke yake tangu asubuhi, kisha akaja mbio akawasha bila kuangalia. Kadi yenyewe, alisema kaka, aliitundika. Ilikutwa sakafuni chini ya ndoano, na kadi iliyo sakafuni haisemi ilifikaje pale.

Kwamba kuna mtu alikuwa anacheza, hilo lilijulikana. Mfagizi alisikia sauti ya mpira na mtu akishangilia goli, muda mfupi tu kabla ya ukelele. Hakuchungulia. Kwa hiyo ilibaki: nani? Kama ni Kimya, basi aliacha zamu yake na kumkata mwenzake, kazi ingeisha na polisi wangeitwa. Kama si Kimya, sikutaka hata kufikiria upande huo.

Na mimi nina mdomo. Siku ya pili ya ajali nilimvizia Kimya getini wakati watu wanaingia, nikamwita kila jina baya ninalolijua mbele ya zamu nzima. Nikamwambia mikono yake ikauke. Alisimama tu na mkebe wake wa chakula, akangoja nimalize.

"Pole, dada," akasema.

Pole yake ikanipandisha hasira zaidi.

Mashine ya gemu yenyewe ingetupa jibu siku ile ile, lakini msimamizi wa zamu, kwa uchungu wa damu aliyoiona, aliinyanyua na kuipiga chini mpaka ikatapakaa. Kilichopona ni kikadi kile cha bahashani, chenye gemu na mafaili yake. Wafanyakazi walikuwa na ligi yao ya mpira humo, kila mtu na timu yake, faili lake na msimu wake. Na walikuwa na desturi mbili walizozishika kuliko sheria za kiwanda: huchezi faili la mwenzako, na mechi ikiisha unahifadhi papo hapo kwa sababu umeme hauaminiki. Watu wawili waliwahi kukunjana mashati kwa ajili ya desturi ya kwanza.

Nilikuwa nimeshakisoma kikadi juu juu, mbele ya meneja. Kilinionyesha mafaili manne kwa namba tu, pamoja na siku na saa ya kuhifadhiwa. Namba moja, mbili na nne yalihifadhiwa mara ya mwisho siku za nyuma, yote saa saba na kitu, wakati wa chakula. Namba tatu lilihifadhiwa Jumanne ya ajali, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi.

Namba tatu ni la nani? Wakaulizwa wachezaji. Kila mmoja alisema anaitambua timu yake kwa jina, si kwa namba. Na majina yamo ndani ya gemu, hayaonekani mpaka gemu lifunguke. Mashine nyingine ya aina ile haikupatikana mji mzima. Bahasha hairuhusiwi kutoka getini. Kompyuta mpya za ofisini zimefungwa na makao makuu. Ukitaka kuweka hata kikokotoo unaandika barua, unajibiwa mwezi ujao. Ikabaki ile ya stoo.

Msimamizi alikuwa wa kwanza kupinga, tulipoitwa ofisini kwa meneja. "Huyu ni dada wa majeruhi," alisema. "Si haki."

Meneja akamgeukia Kimya, amwulize kama ana pingamizi.

"Afanye yeye," Kimya akasema. "Namwamini."

Nilitoka pale nikijiambia kwamba mtu mwenye hatia hujua kujipendekeza.

Basi saa tatu na nusu nikaileta kompyuta kwa toroli. Zamani ilikuwa ikichapa lebo. Plastiki yake ilikuwa nyeupe, sasa ni ya rangi ya meno ya mvutaji. Nilipofungua ubavu, vumbi lililotoka lingetosha kupanda maharage. Nikaipuliza, nikapiga chafya, nikaitukana, nikaiwasha. Ikawaka kwa dakika mbili nzima kabla ya kukumbuka jina lake.

Programu ninayoihitaji inaitwa emuleta. Kazi yake ni kulidanganya gemu kwamba liko ndani ya mashine yake, kumbe liko kwenye kompyuta. Uongo huo ni mzigo mzito. Kompyuta inafanya kazi yake yenyewe na ya mashine nyingine isiyokuwepo, zote kwa wakati mmoja, na kizee changu kilikuwa kinahema hata kwa kufungua ukurasa wa barua.

Mara ya kwanza kioo kilikuwa cheusi. Mara ya pili programu ilijifunga. Mara ya tatu nembo ya gemu ilianza kuchomoza, na pembeni ikaja namba ya mwendo: asilimia kumi na moja. Maana yake sekunde moja ya gemu ilichukua sekunde tisa za hapa duniani. Nilikaa nikitazama nembo ile ikijivuta, na nilikuwa nikizungumza na skrini kama mwendawazimu. "Njoo. Njoo hapa, mbwa wewe. Njoo unionyeshe." Nilikuwa namwambia Kimya.

Nikang'oa vibao vya kumbukumbu kutoka kompyuta mfu ya mapokezi nikaviongeza kwenye yangu. Nikaipaka prosesa, ubongo wa kompyuta, dawa mpya ya kupitisha joto. Nikazima sauti, nikashusha picha mpaka udogo wa mwisho, nikafunga kila programu ambayo haikuwa na shughuli pale. Ikapanda: thelathini na moja. Haikutosha kucheza, lakini nani anataka kucheza? Nilihitaji kufika kwenye orodha ya misimu tu, hata kwa kutambaa.

Dakika ya nne, ikazimika. Pu, giza.

Nikaigusa. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliondoa kidole nikakitia mdomoni. Nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena, na dakika ya nne ikazimika tena. Saa saba ilipita hivyo, wenzangu wakienda kula, mimi nimeegemea boksi la chuma na jasho linaniingia machoni. Mwisho nikaenda mapokezi, nikanyang'anya feni ya mezani, nikaielekeza kwenye ubavu ule ulio wazi, ikivuma kwa nguvu yote. Dakika ya nne ikapita. Ya tano ikapita.

Dakika ya saba orodha ikafunguka, jina moja baada ya jingine, taratibu.

Moja: MAJEMBE. Mbili: ZAMU YA PILI. Tatu: KIJIKO. Nne: RADI.

Radi ndiyo timu ya Kimya, na ilikuwa utani wa kiwanda kizima, mtu asiyesema kujiita radi. Ilihifadhiwa mara ya mwisho Ijumaa kabla ya ajali, saa saba na nusu, wakati wa chakula.

Kijiko ni mimi.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa silali bila kijiko mkononi. Hata wazazi walipozikwa nilikuwa nimekishika. Hakuna aliyebaki duniani anayeniita jina hilo isipokuwa mtu mmoja, na sikujua kwamba alikuwa ameipa timu yake ya mpira jina hilo.

Nikafanya kama kila mtu ambaye hataki kuona. Nikasema saa ya ile mashine ilikuwa mbovu. Lakini mafaili mengine yote yaliangukia wakati wa chakula sawasawa, siku baada ya siku. Saa ilikuwa nzima. Nikasema kuna mtu alilichezea faili lake. Nikafungua mechi ya mwisho: Kijiko nne, wapinzani sifuri. Hakuna mtu angethubutu kugusa faili la mwenzake, tena ampe ushindi. Nikazunguka chumba, nikarudi, nikasoma tena, na jina lilikuwa pale pale. Nikaketi chini sakafuni.

Simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Vipi, Kijiko. Imewaka?"

"Bado," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Usijichoshe bure. Ile kompyuta naijua, ilikuwa inalia hata ikichapa lebo. Haiwezi."

Sauti yake ilikuwa nyepesi mno. Nimeisikia sauti ya kaka yangu kwa miaka thelathini, na wepesi ule haukuwa wake.

"Kaka, saa nne ile ulikuwa wapi?"

"Si nilishasema kwenye taarifa?"

"Sisomi taarifa. Niambie mimi."

Feni ilikuwa inavuma.

"Mechi ilikuwa imebakiza dakika tatu," akasema. "Nilisikia mashine imekwama. Nikajisemea nimalize tu, nakwenda. Nikahifadhi, nikakimbia. Kadi ilikuwa mkononi, naapa ilikuwa mkononi. Kama niliitundika au niliirusha, sijui. Kijiko, naapa sijui."

"Ukasema ni Kimya."

"Nilipozinduka walikuwa wamenizunguka wanauliza nani alikuwa anacheza. Mkono wangu umefungwa hivi, sijui hata kimebaki nini ndani. Nikasema jina lililokuja."

"Jina lililokuja ni la mtu, kaka! Nimemtukana mtu huyo getini!"

"Yeye ana mikono miwili," akasema, na hapo sauti yake ikavunjika. "Atapata kazi kwingine. Mimi nitapokelewa wapi? Wakijua nilivunja sheria ya kadi, fidia sina, kazi sina, na mkono sina. Wewe sema haiwezi. Ni neno moja tu. Nani atakubishia? Hakuna mwingine anayejua."

Hilo lilikuwa kweli. Jengo zima, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa geti, hakuna aliyeweza kuitazama kompyuta ile na kujua kama ingeweza au isingeweza. Neno langu ndilo lingekuwa jibu.

"Nitaona," nikasema, nikakata.

Nilikaa na kompyuta ile kwa karibu saa mbili. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nahama nayo: namkasirikia kaka, nahamia kwa Kimya aliyesema ananiamini, narudi kwangu. Nilifikiria mkono wa kaka ulionibeba. Nilifikiria Kimya na mkebe wake. Sikupata uamuzi. Saa kumi kasoro dakika tano nikapakia kompyuta kwenye toroli, nikaweka na feni juu yake, nikasukuma.

Chumba cha mikutano kina meza ndefu na dirisha lisilofunguka. Meneja alikaa kichwani, msimamizi kushoto kwake, na mjumbe wa wafanyakazi mwenye daftari kulia. Kimya alikuwa upande mmoja, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Kaka upande wa pili, amevaa fulana iliyokatwa mkono mmoja ili bandeji ipite. Aliniangalia mara moja tu.

Nikaweka kompyuta mezani, nikaunganisha skrini. Feni nikaiweka sakafuni karibu na mguu wangu. Sikuichomeka.

Sikusema neno la uongo. Nilijiambia hivyo nikiwasha: simdanganyi mtu, naiacha kompyuta iamue. Ningeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba nilijaribu mbele ya macho yao.

"Itachukua muda," nikasema.

"Tunao," akajibu meneja.

Kioo cheusi. Nembo. Asilimia thelathini. Msimamizi aligongagonga meza kwa kalamu mpaka meneja akamshika mkono. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili, picha ya uwanja ikaanza kushuka mstari kwa mstari, na mjumbe akavuta kiti chake mbele. Kaka alikuwa anatazama skrini bila kupepesa. Kimya hakuitazama kabisa; alikuwa ananitazama mimi, kwa utulivu, jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari. Dakika ya tatu nilisikia harufu ya joto kabla ya wote. Maneno ya kukaribisha yakatokea, yakaanza kuondoka, na dakika ya nne ikazimika.

Kaka akashusha pumzi ndefu, nikaisikia.

"Imekufa?" meneja akauliza.

"Imezidiwa na joto."

"Nilisema toka mwanzo," msimamizi akadakia. "Chuma chakavu. Tunapoteza muda."

Meneja akavua miwani, akajifuta macho. Alionekana amechoka. "Basi tumejaribu. Bila hilo tunabaki na taarifa ya majeruhi, na aliyebonyeza kitufe anajulikana." Akanigeukia. "Kwa hiyo jibu lako, fundi. Haiwezi?"

Kabla sijafungua mdomo, Kimya alitia mkono mfukoni. Akatoa ufunguo wa kabati lake la nguo na ufunguo wa stoo ya gundi, akaziweka mezani, akazisogeza mbele ya meneja kwa kidole kimoja. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Kisha akanigeukia.

"Asante, dada," akasema. "Najua umejitahidi."

Nilitaka atukane. Kama angenitukana hata neno moja, kama angenirudishia moja tu kati ya yale niliyomtupia getini, nadhani ningenyamaza mpaka leo. Uso wangu ukawaka moto. Nikainama, nikaokota waya wa feni, nikauchomeka ukutani, na feni ikaanza kuvuma katikati ya kikao.

"Chukua funguo zako," nikamwambia Kimya, na sauti ilinitoka kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. "Inaweza. Inahitaji feni. Ilifunguka saa nane kasoro robo, nikaona kila kitu. Feni nimekuja nayo, nikaiacha hapa chini makusudi."

"Makusudi?" meneja akauliza.

"Makusudi."

Mjumbe akaacha kuandika. Msimamizi akafungua mdomo, meneja akamnyamazisha kwa kumwinulia mkono, macho yake yakiwa juu yangu.

"Washa," akasema.

"Ipoe kwanza. Dakika kumi."

Tulizikaa zote. Sijawahi kukaa dakika ndefu kama zile. Feni ilipuliza karatasi za mjumbe, akazikandamiza kwa kiwiko. Funguo zilibaki katikati ya meza, Kimya hakuzigusa. Dakika ya tano hivi kaka akasema kwa sauti ya chini, akitazama sakafu, "Usiwashe." Ilisikika chumba kizima. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana ningeyafuta angejua nimeyaona ya kwake.

Nikawasha.

Safari hii ilipita ya nne, ikapita ya tano. Dakika ya saba majina yakaja: Majembe, Zamu ya Pili, Kijiko, Radi. Meneja akavaa miwani, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Radi ni wewe," akamwambia Kimya. Kimya akaitikia kwa kichwa. "Wewe ni namba nne. Sasa namba tatu, iliyohifadhiwa Jumanne. Kijiko ni nani?"

Mjumbe, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa ligi, akainamia daftari lake.

"Nauliza, Kijiko ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe? Unacheza?"

"Sichezi. Ni jina langu la utotoni. Aliyeniita hivyo yuko mmoja tu."

Sikuweza kusema zaidi ya hapo, na sikuhitaji. Upande wa pili wa meza kaka alikuwa amenyoosha mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Kwa mazoea alinyoosha wa kulia, ule uliofungwa, na bandeji ikabaki hewani mbele yetu sote.

"Nilikuwa nacheza mimi," akasema. "Kimya alikuwa stoo."

Kimya aliinuka, akachukua funguo zake. Akafika mlangoni, akasita, akarudi mpaka kwenye kiti cha kaka. Nilidhani atampiga. Aliuchukua ule mkono uliokuwa bado juu, akaushusha polepole mpaka mezani, ndipo akatoka. Kwangu hakuangalia, na ana haki.

Jioni ile tulirudi nyumbani kaka na mimi tukiachana hatua kumi. Tunakaa nyumba moja tangu mke wake alipofariki, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Sikusikia kitu upande wa pili, hata redio. Nilipika, nikamwekea sahani mlangoni, ikabaki pale mpaka chakula kikapoa. Nilijua ningeweza kuwa nimempoteza, na nilijua ningefanya vile vile tena, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kifuani.

Asubuhi alitakiwa ofisini saa mbili kusaini barua ya kuachishwa kazi. Saa moja na nusu mlango wangu ukagongwa. Alikuwa amesimama amevaa shati lake jeupe, siku kumi tangu alipovaa shati mara ya mwisho, na lilikuwa wazi kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kifungo kimoja tu cha katikati kilikuwa kimefungwa, nacho kwenye tundu lisilo lake. Inaelekea alihangaika nacho kwa muda, kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anatazama ukuta juu ya kichwa changu.

"Funga," akasema.

Nikakifungua kile kilichokosea, nikaanza upya kutoka chini. Kile cha shingoni kilinishinda mara mbili, naye akainua kidevu, akasubiri.